Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Tafakari juu ya Mwalimu Aliyetoka Mbali



Wapendwa wana wa Mungu, kila majira ya uchaguzi wa viongozi wa jumuiya ndogondogo na wa halmashauri ya walei yanapokaribia, husikika maneno ambayo hayaandikwi katika muhtasari wa kikao chochote, lakini yana nguvu kuliko yale yanayoandikwa. Hutajwa jina la muumini fulani. Wote hukiri kwamba huyo huwafundisha watoto katekisimu kwa uvumilivu, hakosi Misa, huwatembelea wagonjwa na kukesha na wafiwa. Kisha mmoja husema kwa sauti ya chini: "Ni mtu mwema, lakini si wa hapa." Jina hilo halitajwi tena.

Juma hili napenda tuyatafakari maneno hayo matatu, "si wa hapa," kwa mwanga wa maisha ya mwalimu mmoja ambaye Kanisa limemweka kuwa msimamizi wa wahamiaji wote duniani. Msimamo wangu nautanguliza, asije mtu akaungoja mwisho: jumuiya ya Kikristo inayompokea mgeni kwa ajili ya kazi yake, kisha ikamnyima kiti chake, haijampokea bado. Imemwajiri tu, tena bila mshahara.

Francesca Cabrini alizaliwa tarehe 15 Julai 1850 katika mji mdogo wa Sant'Angelo Lodigiano, kaskazini mwa Italia. Alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, na tangu utoto alikuwa dhaifu wa mwili. Wazazi wake walikuwa wakulima. Dada yake Rosa alikuwa mwalimu, naye Francesca akaifuata njia hiyo hiyo. Alisoma kwa masista, akapata cheti cha ualimu mwaka 1868. Alipoomba kuingia utawani alikataliwa kwa sababu ya afya yake. Hakuzira wala hakulikasirikia Kanisa. Alirudi darasani, akafundisha katika shule ya kijiji cha Vidardo, na mwaka 1874 akaombwa kuisaidia nyumba ya yatima ya mji wa Codogno, iliyokuwa imevurugika. Huko alivumilia miaka 6 ya taabu. Mwaka 1880, pamoja na wenzake wachache waliolelewa katika nyumba hiyo hiyo, alianzisha Shirika la Masista Wamisionari wa Moyo Mtakatifu wa Yesu.

Nia yake ilikuwa kwenda China. Ndiyo maana kwenye jina lake alikuwa ameongeza jina la Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mmisionari mkuu wa Mashariki ya Mbali. Lakini nyakati zile Italia ilikuwa ikiwamwaga watoto wake ng'ambo ya bahari. Kati ya mwaka 1880 na 1920, zaidi ya Waitalia milioni 4 waliingia Marekani, wengi wao wakiwa maskini kutoka vijiji vya kusini, wasiojua kusoma wala kusema Kiingereza. Askofu Giovanni Battista Scalabrini wa Piacenza, ambaye Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 9 Oktoba 2022, alikuwa akilia kwa ajili yao, na ndiye aliyemhimiza mama huyu aende kuwahudumia. Mama Cabrini alimwendea Papa Leo XIII kuomba shauri. Papa akamwelekeza asiende Mashariki bali Magharibi. Tangu udogo wake alikuwa akiyaogopa maji, kwa kuwa aliwahi kuponea chupuchupu kuzama mtoni. Hata hivyo alipanda meli. Kabla ya kufa kwake alikuwa ameivuka bahari ya Atlantiki zaidi ya mara 20.

Aliwasili New York tarehe 31 Machi 1889, akiwa na masista wenzake 6. Nyumba waliyoahidiwa haikuwapo. Usiku wa kwanza walilala katika chumba kichafu cha kupanga katika mtaa wa maskini. Asubuhi walipokwenda kwa Askofu Mkuu Michael Corrigan, aliwaambia kwamba mipango haijakamilika na kwamba ingekuwa heri warudi Italia kwa meli ile ile iliyowaleta. Mama Cabrini alimjibu kwa heshima, bila kutetereka, kwamba ametumwa na Baba Mtakatifu, na kwa hiyo atabaki.

Ndugu zangu, tusifanye haraka kumhukumu askofu mkuu huyo. Alikuwa na sababu: fedha zilikuwa haba, na palikuwa na mabishano juu ya mahali pa kuijenga nyumba ya yatima. Baada ya muda mfupi alimruhusu, na nyumba hiyo ikafunguliwa mwaka huo huo. Ninalotaka tulitazame ni jambo zito zaidi, kwa kuwa halikuwa la mtu mmoja. Katika baadhi ya parokia za New York za wakati ule, Waitalia hawakuruhusiwa kusali pamoja na waamini wengine. Misa yao iliadhimishwa katika chumba cha chini ya ardhi, wakati juu yao, ndani ya kanisa lenyewe, waliabudu Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Ekaristi ilikuwa moja na Imani ilikuwa moja, lakini katikati yao palikuwa na sakafu. Tena hao waliokuwa juu walikuwa watoto na wajukuu wa wahamiaji waliokimbia njaa nchini mwao, wakadharauliwa katika nchi ile ile kwa ajili ya umaskini na dini yao. Waliotangulia kufika walisahau upesi kwamba nao walifika.

Hapo ndipo tuone hekima ya mwalimu huyu. Hakuanza kwa kugombana juu ya ile sakafu. Alianza kufundisha. Kwa kuwa hapakuwa na jengo la shule, watoto walifundishwa ndani ya kanisa la Mtakatifu Yoakimu, katika mtaa wa Waitalia. Masista walizunguka mitaani, wakapanda ngazi za nyumba zilizojaa watu, wakiwatafuta watoto waliokuwa wakiokota makaa na vitambaa badala ya kusoma. Walifundisha katekisimu, kusoma na kuhesabu. Wasichana walijifunza ushonaji. Walifundisha Kiingereza, ili mtoto aweze kuishi katika nchi mpya, na walifundisha Kiitalia, ili mtoto huyo asiache kuongea na mama yake.

Naomba tukae kidogo kwenye jambo hili la mwisho, kwa sababu lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtoto wa mhamiaji huijua lugha mpya upesi kuliko wazazi wake. Punde huwa yeye ndiye mkalimani wa nyumba: huongea na mwenye nyumba, na mganga, na karani. Akiwa hana mlezi mwenye busara, huanza kumwona baba yake kuwa mjinga na mama yake kuwa aibu. Amri ya nne ya Mungu huvunjika pasipo ugomvi wowote, kwa kukosekana tu lugha ya kuheshimiana. Mwalimu aliyefundisha lugha zote mbili hakuwa akifundisha lugha tu. Alikuwa akiilinda familia. Wazazi walio miongoni mwetu, ambao watoto wao wanasoma au wanaishi ughaibuni, wanajua ninachokisema. Wanajua pia wale ambao wajukuu wao huja likizo kutoka mjini na hawawezi kumwamkia bibi kwa lugha anayoielewa.

Kazi ya mama huyu ilienea. Tarehe 14 Machi 1891, katika mji wa New Orleans, kundi la watu wenye hasira lilivamia gereza likawaua Waitalia 11 waliokuwa wakituhumiwa kuhusika na mauaji ya mkuu wa polisi, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepatikana na hatia. Chuki ikaenea dhidi ya watu wa kabila lao. Mama Cabrini aliwapeleka masista wake huko mwaka 1892, wakafungua shule na makao ya yatima. Mwaka 1905 homa ya manjano ilipoukumba mji huo, masista hao hao walikwenda nyumba kwa nyumba kuwauguza watu. Huko Denver aliteremka migodini kuzungumza na wachimbaji ambao wiki nzima hawakuonana na padre. Aliwatembelea wafungwa. Alifungua hospitali New York na Chicago, na shule hadi Amerika ya Kusini. Alipofariki dunia, tarehe 22 Desemba 1917 huko Chicago, shirika lake lilikuwa na nyumba 67 za huduma. Husimuliwa kwamba siku za mwisho alikuwa akitayarisha peremende za Noeli kwa ajili ya watoto wa shule.

Kuna tendo lake moja ambalo halina kishindo, nami nalihesabu kuwa kubwa. Mwaka 1909, mjini Seattle, aliapa kuwa raia wa Marekani. Hakuwa na haja ya uraia huo ili afanye kazi, kwa kuwa alikwisha kufanya kazi miaka 20 bila huo. Nadhani alitaka kuwaambia watu wake, na pia wenyeji wake: sikuja kupita. Papa Pius XII alipomtangaza mtakatifu tarehe 7 Julai 1946, alikuwa raia wa kwanza wa Marekani kupata heshima hiyo. Yule ambaye asubuhi ya kwanza aliambiwa arudi kwao ndiye aliyeipatia nchi hiyo mtakatifu wake wa kwanza miongoni mwa raia wake. Mwaka 1950 akatangazwa kuwa msimamizi wa wahamiaji.

Pengine mmoja wenu anasema moyoni: "Padre, hayo ni ya Wazungu, tena ya zamani." Basi turudi nyumbani, tena mwaka ule ule. Mwaka 1889, Mama Cabrini alipokuwa akitafuta pa kulala New York, kijana mmoja alifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Jina lake Adrian Atiman. Alikuwa amezaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto alitekwa nyara, akavushwa jangwani na kuuzwa utumwani, hadi Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu huwaita Mapadre Weupe, walipomkomboa. Kardinali Lavigerie alimpeleka Malta pamoja na vijana wengine Waafrika kusomea uganga, akiwa na nia kwamba Afrika ihudumiwe na Waafrika wenyewe: walei, wenye ndoa zao, wanaoponya mwili na kufundisha Imani kwa pamoja.

Atiman alipofika Karema hakuwa na ndugu, wala ukoo, wala kaburi la babu. Hakuijua lugha ya mahali pale. Kama kuna mtu ambaye hakuwa "wa hapa," ndiye yeye. Alimwoa Agnes Wansabira, mwenyeji wa huko, na mwana wao Joseph akawa padre. Kwa miaka 67 Atiman alikuwa mganga na mwalimu wa dini, hadi alipofariki dunia mwaka 1956, naye akazikwa katika ardhi hiyo hiyo. Leo hospitali ya Kanisa mjini Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Je, kuna Mkristo wa Rukwa au Katavi anayeweza leo kusema kwamba Atiman si wa hapa? Nani basi ni wa hapa, kama si yeye?

Tena jirani na Karema, katika makazi ya Katumba na Mishamo, na kule Ulyankulu mkoani Tabora, walipokelewa ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Watoto wao walizaliwa hapa, wakasoma hapa, wakafundisha hapa. Nchi yetu baadaye iliwapa uraia zaidi ya 160,000 kati yao. Ni tendo ambalo mataifa tajiri kuliko sisi hayajathubutu kulifanya, nasi tuna haki ya kujivunia. Lakini cheti cha uraia hutolewa na serikali. Udugu hautolewi na ofisi yoyote. Huo ni sisi wa kuutoa, katika jumuiya, kwenye benchi la kanisa, na siku ile ya kupiga kura.

Wapo watakaonijibu kwa hoja ambazo si za kupuuzwa. Watasema kwamba si kila mgeni ni Cabrini au Atiman. Kwamba wamewahi kutokea watu waliokuja na maneno matamu, wakakabidhiwa mfuko wa jumuiya, kisha wakatoweka. Ni kweli. Nakubali kwamba uaminifu hupimwa kwa muda, na kwamba mtu wa jana hapewi funguo leo. Lakini tazameni jinsi tunavyoipindisha hoja hiyo. Yule tunayemkataa mara nyingi hakuja jana. Ameishi nasi miaka 10, 15, 20. Tumekwisha kumpima na kumwona. Tunaloliogopa si kutoaminika kwake. Tunaogopa kwamba akiketi juu, mmoja wetu atashuka chini. Hofu hiyo tuiite kwa jina lake, wala tusiivike joho la busara.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo tunaipenda sana, na kuitekeleza tunajua. Mwalimu akihamia kijijini, upesi tunampa jembe: afundishe kwaya, aandike barua za kigango, awaandae watoto wa Komunyo ya Kwanza, asome somo pale msomaji anapokosekana. Jembe tumelitoa bila choyo. Lakini aliyelima hana sehemu katika mavuno? Wahenga hao hao walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni aje ili apone yeye. Walijua kwamba ugonjwa mara nyingi uko kwa mwenyeji, na kwamba dawa huja kwa miguu kutoka mbali.

Tulitafakari pia Neno la Mungu. Katika Injili ya Luka, sura ya 24, wanafunzi wawili wanakwenda Emau wakiwa na huzuni. Anaungana nao mtu, nao wanamdhania kuwa mgeni asiyejua hata habari za mjini. Mgeni huyo anageuka kuwa mwalimu: anawaeleza Maandiko njia nzima, hata mioyo yao inawaka. Lakini angalieni vizuri: kwa mafundisho hayo yote, hawajamtambua bado. Walimtambua lini? Walipomsihi aingie ndani, wakamketisha mezani, naye akautwaa mkate. Mafundisho yake waliyapata njiani. Yeye mwenyewe walimpata mezani. Kama wangemshukuru kwa somo zuri na kumwacha aendelee na safari gizani, wangebaki na mafundisho bila Bwana.

Kwa hiyo, wapendwa, naomba mambo matatu. Kwanza, viongozi wa jumuiya: tunapopendekeza majina, swali liwe mtu huyu amehudumu namna gani na kwa uaminifu gani. Swali la asili yake lisiulizwe, na likiulizwa, mwenyekiti alikatae waziwazi. Pili, tuwatazame makatekista na walimu wetu waliotoka mbali. Aliye kwao ana shamba la baba na ghala la ndugu. Aliyetoka mbali anategemea mshahara mdogo na ukarimu wetu. Akiugua, ni nani anayemlimia? Kila jumuiya iliyo na mwalimu wa namna hiyo ijiulize swali hilo na kulijibu kwa vitendo kabla ya msimu wa kilimo kupita.

Tatu, nasema nanyi mliotoka mbali, kwa kuwa Mama Cabrini hawafundishi wenyeji peke yao. Msikae miaka 20 mkiwa na mguu mmoja mlangoni. Msijifungie katika vikundi vya watu wa kwenu, mkisengenya chakula na desturi za mahali panapowalisha. Jifunzeni lugha ya mahali mlipo, zikeni na wafiwa wake, pandeni miti ambayo mtaila matunda yake au wataila watoto wenu. Lugha yenu msiitupe. Wafundisheni watoto wenu, kama masista wale walivyofanya. Lakini apeni moyoni kwamba hamkuja kupita.

Sisi sote, kwa ubatizo wetu, tu wahamiaji. Barua kwa Waebrania inatukumbusha kwamba hapa hatuna mji wa kudumu. Siku tutakapobisha hodi kwenye mlango wa Baba, hakuna hata mmoja wetu atakayekuwa mwenyeji. Bwana amekwisha kutuambia, katika Mathayo sura ya 25, kwamba atatuuliza habari za mgeni: tulimkaribisha, au hatukumkaribisha. Hatatuuliza kama alikuwa wa hapa.

Mtakatifu Francesca Saverio Cabrini, msimamizi wa wahamiaji, utuombee.